Hodi Kwenye Kinu

Anayetaka ukweli uliopimwa akaulize mizani ya dukani. Mimi nitawapa ulionikuta, na ukizidi kidogo mtanisamehe, uzee nao una tamaa zake.

Siku zile mji wetu wa Tungika ulikuwa bado umeangikwa. Vijana wa leo wakiambiwa wanacheka, lakini minyororo ile ilikuwepo: ncha moja kwenye kilele cha huku Usambara, ncha ya pili kwenye kilele cha kule, na katikati nyumba zetu zimepangana kama nguo kwenye kamba. Chini yetu bonde, juu yetu mbingu, na sisi ndani ya ukungu. Kazi ya mji ilikuwa kuuvuna. Tuliutegea nyavu, tukaukamua, maji yakateremka kwa mabomba hadi kwa watu wa chini, nao wakapikia wali bila hata kuuliza umetoka wapi. Nilikuwa mvunaji mimi. Kuna asubuhi nilinasa wingu zima na ngurumo yake ndani, nikalifungia stoo, na mke wangu akakataa kwenda kuchukua mkaa kwa sababu kila akifungua mlango anagombezwa. Lakini hiyo si habari ya leo.

Habari ya leo ni ya paka.

Alipanda kwa kapi, kama kila kitu kilichotoka chini: mchele, mafuta ya taa, wakwe. Kapu limefunikwa kwa kipande cha kanga, na pembeni yake amekaa Bi. Kaoneka, mkaguzi wa wanyama wa mji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mke wangu Mwantumu alilipokea kapu kwa mikono miwili. Tangu binti yetu Hidaya aolewe Bukoba, nyumba ilikuwa na sauti moja tu, yangu, na Mwantumu alikuwa ameshaisikia.

"Mzee, sheria unaijua," alisema Bi. Kaoneka. "Paka mwoga hapa juu ni hatari kwa nafsi yake. Akishtuka anaruka, na hapa akiruka atafika chini keshokutwa. Mwezi ukiandama nitarudi. Nikimkuta anakujia mkononi kwa hiari yake, ni wako. Nikimkuta bado anajificha, itabidi apitishwe kilangoni."

"Na akipitishwa kilangoni?" aliuliza Mwantumu.

"Anarudi mtulivu, mama."

"Anarudi yeye?"

Bi. Kaoneka alianza kukagua kamba ya kapi, ingawa kamba haikuwa na kasoro.

Tulipofunua kapu nilimwona kwa muda wa kupepesa jicho: rangi ya majivu, masikio makubwa kuliko kichwa, macho kama vishubaka viwili vilivyowashwa taa. Kisha hayupo. Alipita chini ya kitanda, akazunguka nyuma ya gunia, akavuka jiko, na kule pembeni kilikuwa kimelazwa kinu cha Mwantumu cha mninga, alichokirithi kwa mama yake. Akaingia. Mkia ukamfuata.

Wakati huohuo upepo ukaisukuma nyumba, nyumba ikainama kidogo kama mtu anayesikiliza, na ndani ya kinu kikatoka kilio chembamba kama uzi.

"Haya," alisema Mwantumu, mikono kiunoni. "Hakuna kisamvu tena nyumba hii mpaka mpangaji ahame."

Jina likamkaa. Mpangaji.

*

Mwantumu alikuwa na njia yake. Alifunga mlango wa jikoni ili dunia ya Mpangaji iwe ndogo, yenye kona anazoweza kuzihesabu. Beseni la mchanga akaliweka nyuma ya gunia, mbali na chakula, kwa sababu hata wewe hupendi kula chooni. Dagaa waliochemshwa bila chumvi akawaweka mdomoni mwa kinu. Kanga yake ya jana, yenye jasho na moshi wake, akaitandika karibu. Halafu akakaa chini kwenye jamvi, akampa kinu mgongo, akaanza kuchambua mchele.

"Mbona humtazami?" niliuliza.

"Anayekukodolea macho anataka nini, Baba Hidaya?"

"Anakupenda."

"Anataka kukula."

Mara chache aligeuza uso, akafumba macho polepole na kuyafumbua polepole, kama mtu anayeonja chai tamu, kisha akarudi kwenye mchele wake. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Siku ikaisha.

Mimi subira sikuzaliwa nayo. Mimi nililala kifudifudi mbele ya kinu na kumsimulia Mpangaji mambo makubwa: jinsi nilivyompangusa jua jasho, jinsi nilivyouza ukungu wa kukaanga kwa mfanyabiashara wa Handeni. Nilipoona haniungi mkono nikaingiza wangu. Ulirudi una mistari minne myekundu, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula.

"Amekujibu," alisema Mwantumu bila kugeuka.

Dagaa waliliwa tukiwa tumetoka. Mchanga ulichimbwa tukiwa tumetoka. Lakini kila nyumba ilipoinama, kilio kile kile chembamba kilitoka kwenye kinu. Sikukielewa. Nilidhani ananililia mimi, kwa sababu kila kitu nilidhani kinanihusu.

Mwezi ulikuwa umeshakonda. Ukitazama juu, unaona umebaki kama ukucha.

*

Jirani yetu alikuwa Mahimbo, fundi mstaafu wa minyororo, mtu ambaye tumetaniana tangu tukiwa na meno ya utoto. Alikuja siku hiyo na paka wake Sultani begani, mkubwa, wa njano, ametulia kama mto wa kochi.

"Hodi hapa! Nasikia mmepangisha kinu."

"Karibu. Angalau kinu changu kina mtu," nilimjibu. "Kichwa chako kitupu mwaka wa ngapi huu?"

"Paka amekushinda, Shemboza! Wewe uliyefunga wingu stoo!" Alimshusha Sultani sakafuni. Paka akakaa palepale aliposhushwa, macho kwa Mahimbo. Mahimbo akasogea kulia, macho yakasogea kulia. Akatoka nje kutema mate, paka akasimama mlangoni mpaka aliporudi. "Unaona? Mchana mmoja tu wa kilango. Nililala naye mwoga, nikaamka naye mwanangu."

Kwa wageni wa zama zile, kilango ni mto wa kulalia. Ndani sufi ya kawaida, lakini imesokotwa na nyuzi nyembamba zinazosikia. Mafundi waligundua kwamba kila aliyelala ana ngoma yake kichwani, inapiga kwa mdundo wake. Mto unaisikiliza ngoma ya mmoja na kuifundisha ngoma ya mwingine, na zikishapiga pamoja, ukuta kati ya ndoto mbili unakuwa pazia. Hidaya wetu alikuwa akitutembelea hivyo kutoka Bukoba. Unaota uko shambani, mara unasikia "Hodi," unasema "Karibu, mwanangu," naye anaingia na ziwa zima limemng'ang'ania miguuni. Na mto haukuruhusu vinginevyo. Usipokaribishwa, utabaki kizingitini hadi uamke. Ndivyo ulivyoshonwa.

Wa wanyama ulishonwa tofauti. Ng'ombe hasemi karibu, walisema mafundi, sasa hodi ya nini? Wakaifumua. Badala yake wakatia sura: ukiingia kwenye ndoto ya mnyama, unavikwa sura ya yule anayemwamini kuliko wote. Akiamka, imani yote aliyokuwa nayo kwa yule iko kwako.

Sultani alikuwa amesinzia miguuni pa Mahimbo. Mwantumu alimwinamia, akamtazama kwa muda mrefu.

"Sharubu zake hazichezi," alisema. "Paka akilala sharubu hucheza, miguu hukimbia. Huyu haoti, shemeji."

"Aote nini tena? Kila anachokitaka anakiona akiwa macho."

Mahimbo alicheka. Mimi nikacheka naye. Mwantumu hakucheka.

Alipoondoka, niliutupa mshipi wangu majini. "Mama Hidaya, mwezi unaisha. Si bora tumpitishe sisi wenyewe, kuliko kupelekwa kwa watu asiowajua?"

"Utaingia nyumba ya mtu bila hodi?"

"Nitapiga hodi."

"Naye atajibu nini? Wazee walitufundisha, hodi tatu bila karibu, geuza uso urudi ulikotoka."

"Wazee haohao," nilisema, nikijiona kadhi, "walipokuja mashahidi mlangoni kuuliza kama unanikubali, ulifanya nini? Ulinyamaza. Wakasema, kanyamaza, karidhia. Wakala pilau. Kimya ni ridhaa, Mama Hidaya. Nisingekuwa na mke leo."

Nilitegemea anipige na ungo. Hakunipiga. Aliendelea kuchambua mchele, na kumbe nilikuwa nimemnyamazisha tena.

*

Nilimwazima Mahimbo mto wake wa wanyama, nikaupitisha chini ya kanzu, nikitembea kama mjamzito wa miezi tisa. Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana, Mwantumu amekwenda kuteka maji ya nyavu. Ukungu ulikuwa umeingia ndani ya nyumba, kama ulivyofanya siku za baridi. Umejaa chini ya meza, umekaa kwenye viti, unapumzika. Kutoka kinuni nilisikia pumzi ndogo za aliyelala. Nikaweka mto chini kando ya kinu, kichwa juu yake, na nyuzi zikaanza kunong'ona.

Kwanza palikuwa giza, lakini giza lenye joto, kama ndani ya blanketi. Kisha harufu ya maziwa, vumbi la ghala, majani makavu. Kisha mngurumo mzito wa taratibu, nikadhani ni mashine ya kusaga. Haikuwa mashine. Alikuwa mama yake. Amelala ubavu, mkubwa kama kilima, manyoya yake yanapanda na kushuka kama shamba la mpunga likipitiwa na upepo. Tumboni pake wamejipanga wanne: Mpangaji wangu wa majivu, wawili wenye madoa, na mmoja mweupe, mdogo kuliko wote, amelala juu ya shingo ya Mpangaji kana kwamba ile shingo iliumbwa kwa ajili yake.

Na kitu kimoja kilinishangaza kuliko hayo. Ardhi haikuyumba. Miaka yote ya Tungika nilikuwa nimesahau. Unaikanyaga, nayo inakanyagika, haina maoni. Nikaelewa kile kilio. Mtoto huyu hakuwa akinililia mimi. Alikuwa akiililia sakafu.

Nilisimama kizingitini. Nikatazama mikono yangu, haikuwepo. Palikuwa na miguu ya majivu yenye makucha, na mwili wangu ulikuwa mzito na mtamu, umejaa maziwa. Mto ulikuwa umeshanivika. Kule ndani yule mama akaanza kuwa mwepesi, anapukutika pembezoni kama moshi, anapisha.

Kwa mazoea ya kinywa nikasema, "Hodi."

Mpangaji akainua kichwa. Akanitazama.

"Hodi."

Upepo ulipita kwenye manyoya ya kilima.

"Hodi."

Kimya. Miguu yangu ilishajua la kufanya, ilifundishwa tangu utotoni. Lakini kichwa, hiki kichwa kilichouza ukungu wa kukaanga, kikasema: kanyamaza, karidhia. Nikaingiza mguu mmoja.

Yule mweupe akazimika. Hakukimbia wala hakulia. Alizimika kama kibatari kilichopulizwa, na pale alipokuwa pamebaki joto, kisha na joto likaondoka. Mpangaji akageuza shingo kumtafuta. Akapanusa mahali. Akapanusa tena. Halafu nikaona uso wake unalegea, unasahau kilichokuwa kinatafutwa, na ukaanza kunigeukia mimi, taratibu, umejaa mapenzi.

Sijawahi kupendwa namna ile, na naomba nisipendwe tena hivyo.

Nikauvuta mguu. Kutoka ndani ya kilango ni kama kung'oa mguu kwenye matope ya masika, kitu kinabaki. Mama alirudi kuwa mzito, wale wenye madoa wakaonekana tena. Mweupe sikumwona. Nilimtafuta kwa macho mpaka giza likafunga, nikaamka kwenye jamvi, mashavu yamelowa, nikadanganya nafsi yangu kwamba ni ukungu.

*

Mwantumu alikuwa amekaa pale, ungo mapajani, amenipa mgongo. Kama anavyokaa na Mpangaji.

"Umemkuta nani?" aliuliza.

Nilimweleza. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilieleza jambo bila kuongeza hata kuku. Nilipofika kwa yule mweupe aliacha kuchambua.

"Siku ile ya mashahidi," alisema hatimaye, "nilinyamaza kwa woga. Koo lilikauka. Hata ningeulizwa kama nataka maji nisingejibu."

Nyumba iliinama, ikanyooka.

"Basi... hukuridhia?"

"Sikuwa nimeridhia wala kukataa. Nilikuwa ndani ya kinu."

"Uliridhia lini?" Sauti yangu sikuijua.

"Masika ya mwaka uliofuata."

"Ah! Nilipolinasa lile wingu!"

"Wingu gani, wewe mzee! Ulikuwa ukitoka kazini, unakohoa mlangoni mwa chumba chetu. Unapiga hodi. Chumba chako, kitanda chako, mke wako, na unapiga hodi. Nisipojibu, unakwenda barazani na kujisimulia uongo wako peke yako. Nilikuwa nikikusikiliza kupitia ukutani. Siku moja ukaanza habari ya mamba wa Pangani aliyeajiriwa kuwa daraja, ukasinzia katikati. Nikakaa na kiu ya mamba usiku kucha. Kesho yake ulipokohoa, nikasema karibu, ili nijue aliishia wapi."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuwa mtu huyo. Nilidhani nilipata mke kwa kimya, kumbe nilimpata kwa mamba.

"Sasa nifanye nini?" nilimuuliza. "Ninajua kinachomtisha. Ni kuyumba. Lakini nimelijua kwa wizi."

"Cha wizi hurudishwa kwa mwenyewe," alisema Mwantumu. "Mrudishie sakafu yake."

*

Mwashi akitaka kujua kama ukuta umesimama wima, huning'iniza timazi. Ukuta ukipinda, timazi halipindi nao; linajua chini ni wapi. Mvunaji naye hujua hilo kwa ndoo zake: jukwaa likiinama, ndoo ya kwenye kamba haimwagiki.

Juu ya jiko letu kulikuwa na susu, ule wavu wa kamba wa kuning'inizia samaki ili paka asiwafikie. Niliushusha. Tulisubiri Mpangaji aende mwenyewe nyuma ya gunia, kwenye mchanga, tukiwa nje tunamchungulia kwenye ufa. Tukaingia kwa kunyata, tukakivika kinu ule wavu, tukakivuta kwenye boriti mpaka kikaelea, nafasi ya kiganja tu kutoka sakafuni, mdomo ukiwa palepale ulipokuwa. Mwantumu alinisimamia kama nyapara. "Usiugeuze. Mlango wa mtu usiugeuze." Tukatoka.

Alirudi. Alisimama mbele ya nyumba yake iliyopata miguu ya hewa, akainusa, akaigusa, akafikiri. Akaingia.

Kisha upepo ukaja. Nyumba ikainama, sahani zikateleza kabatini, sufuria ikagonga ukuta. Kinu kilibaki kimelala sawa na bonde la chini, kimetulia katikati ya mji mzima unaoyumba. Tulisubiri kilio.

Hakikuja.

Kuanzia hapo, kila nilipoingia jikoni nilikohoa. Nilisimama mbali kidogo, nikasema hodi mara tatu, nisipojibiwa nikarudi kwenye jamvi, nikampa kinu mgongo. Na nilijisimulia. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya ukuta. Nilieleza jinsi mamba wa Pangani alivyolala mto mzima, mkia ng'ambo hii na pua ng'ambo ile, watu wakampita mgongoni na vikapu vyao, naye mwezi wa kwanza akiwa mwaminifu kabisa. Katikati niliacha. Kuna mara nilisikia kamba za susu zikilia kidogo, kama mtu anayesogea ukingoni mwa kitanda. Sikugeuka. Kuna mara nilisikia pumzi nyuma ya kiwiko changu. Sikugeuka, ingawa shingo iliniuma kwa kutogeuka.

Usiniulize kama siku hizo niliwahi kumgusa. Sikuwahi.

*

Mwezi uliandama jioni ya mawingu, na kesho yake mchana Bi. Kaoneka akaingia, mto mweupe wa kilango kwapani. Mahimbo alikuja nyuma yake kushuhudia kushindwa kwangu, Sultani begani.

"Kinu kinaelea," alisema Bi. Kaoneka.

"Kimechoka kukaa chini," nilimjibu.

"Mwite paka, mzee."

"Huyu haitwi, mama. Hubishiwa hodi."

Mahimbo alijiziba mdomo. Bi. Kaoneka aliketi kwenye kibao, mto mapajani. "Nitasubiri. Lakini siwezi kusubiri sana. Nina nyumba nyingine, na huyu akishtuka akaruka dirishani, nani atajibu? Sifanyi hivi kwa ubaya, mzee. Nimeshawahi kuokota waliofika chini."

Sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikuwa ya tangazo. Na alisema kweli.

Nikakohoa. "Hodi."

Kinu kimya.

"Hodi."

Ndani, macho mawili yaliwaka, yakafumba polepole, yakafumbua polepole. Ni Mwantumu pekee aliyejibu salamu hiyo.

"Hodi."

Kimya.

"Ingiza mkono!" alinong'ona Mahimbo. "Yuko palepale mdomoni! Mtoe, Shemboza, mwanamke wa watu asimchukue!"

Kweli alikuwa palepale. Ningenyoosha mkono ningempata shingoni, ningesema kanijia mwenyewe, na kwa uongo mimi ni bingwa wa wilaya. Mkono ulisisimka hadi kwenye kwapa.

Nikageuka nikarudi kwenye jamvi. Nikakaa, nikawapa wote mgongo. Nilisikia Bi. Kaoneka akiinuka, na nyuzi za ule mto zikianza kunong'ona.

Halafu kamba za susu zikalia.

Sikugeuka. Nilisikia vidole vidogo vinatua sakafuni, kimoja baada ya kingine, kama mvua ambayo haijaamua. Nyumba ikainama. Vidole vikasimama. Nyumba ikanyooka, vidole vikaendelea. Vikanizunguka kwa mbali. Vikaja mbele yangu, na pale jamvi linapoanza, vikakoma.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Miguu ya mbele ameiweka pamoja, ukingoni kabisa mwa jamvi, bila kukanyaga hata unyasi mmoja. Akanitazama. Akafungua kinywa, akalia mara moja. Akanyamaza, akasubiri.

Mimi nimezungumza tangu nizaliwe. Mkunga alisema nilitoka nikiuliza kulikoni. Lakini hapo koo lilikauka. Nilifungua kinywa na hakikutoka kitu.

Akalia mara ya pili. Akasubiri.

Sikuweza. Nilikuwa ndani ya kinu.

Nikamwona ananyanyua mguu mmoja wa nyuma, kama mtu aliyefundishwa vizuri anayejiandaa kuondoka. Akalia mara ya tatu.

"We mzee!" Mwantumu alipaza sauti. "Unabishiwa hodi! Jibu!"

"Karibu," nilisema.

Akavuka jamvi, akapanda gotini, akazunguka mara kadhaa akitafuta kona yake, akakuta hakuna yumbayumba kubwa pale, akalala. Ule mngurumo niliousikia kule chini ya ndoto ulianza, mdogo, kama mashine ya kusaga ya sisimizi.

Bi. Kaoneka aliurudisha mto kwapani. Alisimama pale mlangoni, akasema, "Kwa hiari yake," kama anayejisomea, akatoka. Mahimbo alibaki. Sultani alikuwa begani mwake, macho kwake, palepale.

"Shemboza," aliniuliza polepole, bila utani, "huyu wangu... unafikiri alikuwa na ndugu?"

Mwantumu alimmiminia chai. Alikaa nasi hadi chai ikapoa.

Kinu hatukurudishiwa. Mwantumu alinunua kingine, na kisamvu kikarudi mezani, kikigongwa jikoni huku mpangaji wetu akilalamika kuhusu kelele. Mchana, ukungu ukiingia na kukaa kwenye viti, ninamwona amelala mapajani mwangu, sharubu zinacheza, miguu inakimbia. Ziko mara anainua shingo usingizini, analegeza, kama anampa mtu nafasi ya kulalia. Na mimi hujiuliza: je, yule mweupe alirudi?

Mto wa Mahimbo uko hatua chache tu kutoka hapa. Ningelala dakika kumi ningejua.

Huwa ninakohoa, nikageuza uso, nikaendelea na mamba wangu.